Koo Likiziba Usiku, Mapafu Hubana Mishipa: Kusaka Chanzo, Dalili kwa Dalili

Mishipa ya damu ya mguu, ya ubongo au ya moyo ikikosa oksijeni hutanuka ili damu ipite kwa wingi. Ya mapafu hufanya kinyume: hubana. Ulf von Euler na Göran Liljestrand walilionyesha hilo kwa paka huko Sweden mwaka 1946. Kwa mwenye nimonia ya pafu moja ni jambo la heri, maana damu huepushwa na sehemu isiyo na hewa ikapelekwa kwenye sehemu nzima. Balaa ni pale koo lenyewe linapoziba. Hapo hakuna sehemu nzima ya kukimbilia. Mapafu yote mawili yanakosa hewa kwa pamoja, mishipa yote inabana kwa pamoja, na upande wa kulia wa moyo unasukuma damu kwenye njia iliyofinywa. Likitokea mara moja, si kitu. Likitokea mara 40 kwa saa, kila usiku, kwa miaka, ni habari nyingine.

"Presha ya mapafu" inayozungumzwa hapa si ile ya mkononi. Wastani wa presha ndani ya ateri ya mapafu, kwa mtu mzima aliyepumzika, ni takribani milimita 14 za zebaki. Tangu 2018 wataalamu wanahesabu kuwa imepanda ikizidi 20. Zamani kikomo kilikuwa 25. Mtu anaweza kupimwa mkono akapata 120/80 nzuri kabisa huku ya mapafu ikiwa mbaya.

Na jambo moja likae kichwani kabla ya kuendelea: apnea ya koo (pumzi kukatika usingizini kwa sababu koo limeziba) peke yake kwa kawaida hupandisha presha ya mapafu kidogo tu. Ukikuta imepanda sana, kuna mshirika, na kazi ni kumtafuta.

Anakoroma, ananyamaza, kisha anashtuka kwa kishindo

Nyumba nyingi huliita hili jinamizi. Tofauti yake ni rahisi. Aliyekabwa na jinamizi ana fahamu, mwili ndio haumtii, na asubuhi atakusimulia mwenyewe. Mwenye apnea hana habari. Anayesimulia ni aliyelala naye.

Usibishane naye, mrekodi kwa simu. Dakika 10 zinatosha, kifua na tumbo vionekane, shuka lisifunike shingo. Wakati mzuri ni kati ya saa 9 usiku na saa 11 alfajiri, kwa sababu usingizi wa ndoto hurundikana saa hizo, misuli ya koo hulegea zaidi, na pumzi hukatika kwa muda mrefu kuliko mwanzo wa usiku. Halafu angalia video kwa utulivu, saa ya sekunde ikiwa pembeni.

Mkoromo unakatika ghafla. Kifua hakijalala: tumbo linapanda wakati kifua kinashuka, na ngozi juu ya mtulinga inanywea ndani. Mtu anavuta hewa kwa nguvu zote dhidi ya koo lililofungwa. Pumzi ya kawaida huvuta kifuani kwa nguvu ya sentimita chache tu za maji. Hapa mvuto unaweza kupita 50. Mvuto huo unanyonya damu kutoka tumboni na miguuni hadi upande wa kulia wa moyo, wakati uleule ambapo mishipa iliyo mbele yake imeanza kubana. Ventrikali ya kulia, chumba cha moyo kinachosukuma damu mapafuni, inajaa kupita kiasi, ukuta unaoitenga na ya kushoto unasukumwa upande wa pili, na ya kushoto inakosa nafasi ya kujaa sawasawa. Kisha ubongo unashtuka, koo linafunguka kwa mkoromo mkubwa, na damu iliyokuwa imerundikana inaingia mapafuni kwa mkupuo kabla mishipa haijalegea. Kilele cha presha ya mapafu kiko hapo, mwishoni mwa kimya na kwenye zile pumzi za kwanza zinazofuata.

Kimya cha sekunde 10 au zaidi kinahesabiwa. Kwenye kipimo cha usingizi, jumla ya pumzi zilizokatika na zilizofifia kwa saa ikiwa 5 hadi 14 ni ya kiasi kidogo, 15 hadi 29 ya kati, 30 na kuendelea ni kali. Video haitakupa tarakimu hiyo, ila inatosha kumfanya daktari aandike kipimo.

Kama kwenye video kifua nacho kimetulia tuli, bila juhudi yoyote, basi si koo. Ni amri ya kupumua inayositasita ubongoni, hali inayopatikana kwa wenye moyo uliochoka au wanaotumia dawa za jamii ya mofini. Njia yake ya tiba ni nyingine, usiilazimishe iingie kwenye mwongozo huu.

Anaamka kukojoa mara tatu, na asubuhi kichwa kinamuuma

Mwanaume wa miaka 55 akisema hivi, tezi dume ndiyo hulaumiwa kwanza. Muulize anakojoa kiasi gani kila akiamka. Mkojo mdogo unaodondoka kwa shida unaelekeza kwenye tezi. Mkojo mwingi kila mara, kikombe kizima, unaelekeza kwingine: sukari (ipimwe), au moyo. Atria ya kulia, chumba cha juu cha moyo kinachopokea damu ya mwili, inapotanuliwa na damu inayonyonywa kifuani hutoa homoni inayoziambia figo zimwage chumvi na maji, kana kwamba mwili umezidiwa maji. Koo likitibiwa, safari za msalani hupungua, mara nyingi ndani ya siku chache, na hiyo ni miongoni mwa dalili za mwanzo kwamba mashine ya CPAP, inayosukuma hewa kooni kwa barakoa, inafanya kazi.

Maumivu ya kichwa ya kuamkia yanayokwisha kabla ya saa 4 asubuhi yanaendana na kabonidaiyoksaidi iliyojikusanya usiku. Yanayoendelea kutwa yana chanzo kingine.

Oksimita inasema 95 mchana. Ya usiku haieleweki

Hapa ndipo penye faida kubwa kuliko pote, kwa sababu oksimita, kifaa cha kidoleni kinachosoma asilimia ya oksijeni kwenye damu, ni cha bei nafuu na kina majibu mengi, kikisomwa vizuri. Kitumike kile kinachohifadhi kumbukumbu usiku kucha. Kile cha kubana kwa dakika moja hakisaidii.

Kwanza ondoa makosa ya kifaa. Piko na rangi ya kucha huweza kuzuia mwanga usipite. Tumia kidole kisichopakwa, au sikio kama una kibanio chake. Vidole vya baridi husoma ovyo. Kwa ngozi nyeusi, kifaa hupendelea kusoma juu kuliko ukweli: utafiti wa Marekani uliochapishwa 2020 ulikuta upungufu wa oksijeni uliofichika ulikuwa karibu mara tatu kwa wagonjwa weusi ukilinganisha na weupe. Kwa hiyo 92 ya oksimita isikupe amani. Daktari akitaka uhakika atachukua damu ya ateri kwenye kifundo cha mkono. Halafu kumbuka kidole huchelewa. Damu inatoka mapafuni mpaka kidoleni kwa sekunde 10 hadi 30, kwa hiyo tarakimu ya chini kabisa hutokea mtu akiwa tayari anapumua. Asikuambie mtu kwamba kwa sababu alikuwa anapumua wakati ule, kifaa ni kibovu.

Sasa soma mchoro.

Meno ya msumeno yanayorudi juu kila mara, 96 hadi 84 na tena 96, na mchana mtu yuko vizuri: hiyo ni apnea ya koo isiyo na mshirika. Mishipa ya mapafu inabana na kulegea usiku kucha. Kwa miaka, ukuta wake unaweza kunenepa kidogo, kwa sababu kupanda na kushuka huku kwa oksijeni kunapunguza naitriki oksaidi inayolegeza mishipa na kuongeza endothelini inayoibana. Lakini presha ya mapafu kwa kawaida inabaki ya kiwango kidogo.

Meno yasiyorudi juu, mstari mzima ukiwa umelala chini ya 90 kwa saa nyingi: hiyo si apnea peke yake. Mishipa haipati muda wa kulegea. Mtu huyu ndiye anayepata presha ya mapafu ya kweli, na ndiye wa kupimwa haraka. Kama ana uzito mkubwa, BMI (kilo za uzito zikigawanywa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa urefu huohuo) 30 au zaidi, aombe kipimo cha bikaboneti kwenye damu. Ikifika 27 au zaidi, kuna uwezekano anapumua kwa uvivu hata mchana na kabonidaiyoksaidi imezidi. Damu ya ateri ikionyesha zaidi ya 45 mmHg akiwa macho, jambo limethibitika.

Mwinuko nao una lake. Hewa ya Nairobi, takribani mita 1,800 juu ya bahari, ina shinikizo la oksijeni kama asilimia 80 ya ile ya Mombasa. Mtu mzima mwenye afya anayesoma 98 Pwani anaweza kusoma 95 pale, na Eldoret, karibu mita 2,100, chini kidogo zaidi. Tofauti inaonekana ndogo, ila 95 iko karibu na ukingo wa mteremko, pale oksijeni inapoanza kuanguka kwa kasi. Kimya kilekile cha sekunde 30 kinachomshusha mtu wa Tanga hadi 90 kinaweza kumshusha wa Njombe hadi 82, na mishipa ya mapafu inabana kufuatana na hilo. Kipimo kilichofanyiwa Dar es Salaam kisitumike kumhukumu mtu anayeishi Mbeya.

Ngazi zinamshinda, miguu imevimba

Bonyeza kidole gumba juu ya mfupa wa muundi kwa sekunde 10. Shimo likibaki, ni maji. Mlaze akiwa ameinuliwa nusu, uangalie mshipa wa shingo: ukijaa hadi karibu na taya, upande wa kulia wa moyo unarudisha damu nyuma. Kuzimia wakati wa kupanda mlima au ngazi ni dalili nzito zaidi ya hizo zote, na haisubiri miadi ya wiki ijayo. Vivyo hivyo midomo kuwa ya bluu, kusinzia katikati ya sentensi, au mguu mmoja kuvimba kuliko mwingine pamoja na pumzi fupi ya ghafla, ambayo inaweza kuwa bonge la damu lililokwenda mapafuni. Hao waende hospitali siku hiyohiyo.

Kwa wengine, kipimo cha kwanza ni eko ya moyo, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti. Kwenye ripoti tafuta kasi ya damu inayorudi nyuma kupitia valvu ya trikuspidi, mlango kati ya atria na ventrikali ya kulia. Ikiwa mita 2.8 kwa sekunde au chini, na hakuna dalili nyingine kwenye picha, uwezekano wa presha ya mapafu kupanda ni mdogo, 2.9 hadi 3.4 ni wa kati; juu ya hapo ni mkubwa. Mashine ya eko inapata presha kwa kuzidisha kasi kwa kasi, kisha mara 4, na kuongeza presha ya atria ya kulia. Kasi ya 3.0 inatoa 36. Ukiongeza 5 unapata 41.

Hiyo 41 imewatisha watu bure, na wakati mwingine imewatuliza bure. Ni presha ya juu, ya mpigo, wakati kile kikomo cha 20 ni cha wastani. Kuibadili kwa makadirio: zidisha kwa 0.61, ongeza 2. Unapata 27. Imepanda, ndiyo, ila si mara mbili ya kikomo kama inavyodhaniwa mtu akilinganisha 41 na 20. Na bado ni makadirio. Jibu la mwisho hutolewa na mrija unaoingizwa kupitia vena hadi kwenye ateri ya mapafu, kipimo kisichohitajika kwa kila anayekoroma. Kinaombwa presha inapoonekana kubwa au chanzo kinapobishaniwa.

Presha ni kubwa kuliko apnea inavyoweza kueleza

Wastani ukipita 35 hivi, acha kulilaumu koo peke yake. Kwa Afrika Mashariki washukiwa ni wengi, na baadhi yao hawamo kwenye vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya Ulaya.

Upande wa kushoto wa moyo ndio wa kwanza, kwa sababu apnea yenyewe hupandisha presha ya mkono, presha hiyo hukaza moyo wa kushoto, na damu hurudi nyuma mapafuni. Huyu hawezi kulala bila mito mitatu. Kwenye mrija, presha ya kabari (inayopimwa ncha ya mrija ikiwa imeziba tawi dogo la ateri ya mapafu, na kuakisi upande wa kushoto wa moyo) inazidi 15. Kwa kijana, hasa mwanamke aliyeanza kupumua kwa shida akiwa mjamzito, tafuta valvu ya mitrali, mlango wa upande wa kushoto wa moyo, iliyobana kutokana na baridi yabisi ya utotoni, eko itaiona.

Moshi ni wa pili. Mama aliyepika kwa kuni kwenye jiko lisilo na dirisha miaka 30 anaweza kuwa na ugonjwa wa kuziba njia ndogo za hewa bila kuwahi kugusa sigara. Ukiunganika na apnea, oksijeni huanguka zaidi ya kila ugonjwa peke yake. Kipimo cha kupuliza kinaubaini: baada ya dawa ya kutanua mirija, hewa ya sekunde ya kwanza ikiwa chini ya asilimia 70 ya hewa yote iliyopulizwa, njia zimeziba.

Mkaaji wa kandokando ya Ziwa Victoria mwenye bandama kubwa au aliyewahi kutapika damu apimwe kichocho cha tumbo. Mayai ya minyoo hukausha ini, damu hutafuta njia za pembeni, na mayai hupita humo hadi mapafuni. Wapo pia selimundu, VVU, makovu ya kifua kikuu na mabonge ya zamani ya damu. Hawa wote wanaweza kukoroma. Kukoroma hakuwaondolei ugonjwa wao wa kwanza.

Angalia na himoglobini. Ikizidi 16.5 kwa mwanaume au 16 kwa mwanamke, huenda mwili umejibu upungufu wa oksijeni kwa kuongeza chembe nyekundu, na damu nzito husukumwa kwa shida zaidi. Kwa mkaaji wa nyanda za juu, tafsiri yake iangaliwe pamoja na mwinuko.

Mashine inatumika, presha haishuki

CPAP, aliyoibuni Colin Sullivan huko Sydney na kuitangaza 1981, husukuma hewa ili koo lisiporomoke. Inafanya kazi hata kwa mishipa ya mapafu: kundi la Australia liliripoti mwaka 2002 kwamba wagonjwa 20, baada ya miezi minne, walishuka wastani kutoka 16.8 hadi 13.9 mmHg. Ni mashuko madogo kwa sababu walianza na presha ndogo. Usitarajie 45 ishuke hadi 14 kwa barakoa.

Isiposhuka, fuata mpangilio huu. Kwanza saa za matumizi, na zipi. Anayelala saa 4 usiku na kuvua barakoa saa 8 ametimiza masaa manne kwenye kadi ya kumbukumbu ya mashine, lakini ameyaacha masaa mabaya ya alfajiri bila kinga. Pili, uvujaji. Mashine za ResMed huonyesha hewa isiyotakiwa kutoka, kikomo chake ni lita 24 kwa dakika. Za Philips huonyesha jumla pamoja na inayotoka makusudi kwenye matundu ya barakoa, kwa hiyo tarakimu kubwa huko si lazima iwe kosa. Tatu, mikatiko iliyobaki: ikizidi 5 kwa saa wakati hakuna uvujaji, presha ya mashine haitoshi. Mashine ya zamani isiyojirekebisha kwa mwinuko, iliyopangwa Dar es Salaam, inaweza kutoa pungufu ikipelekwa Mbeya. Na ya mtumba ya Philips iangaliwe namba yake ya usajili, kwani mwezi Juni 2021 kampuni iliita nyuma mamilioni ya vifaa kwa sababu ya sponji ya ndani inayobomoka.

Nne, umeme. Bila kipasha unyevu, mashine hutumia takribani wati 30. Masaa 8 ni wati-saa 240. Betri ya risasi ya volti 12 na Ah 100 ina 1,200, ila usiishushe chini ya nusu. Ukitoa kinachopotea kwenye inveta unabaki na usiku mbili. Ukiwasha kipasha unyevu, ni mmoja, pengine usifike.

Mwisho, rudia oksimita ya usiku akiwa amevaa barakoa. Meno ya msumeno yamekwisha lakini mstari bado umelala kwenye 86? Koo limefunguka, pumzi ndiyo haitoshi. Huyu anahitaji mashine yenye ngazi mbili za presha, au oksijeni iliyoongezwa juu ya mashine, kwa maelekezo ya daktari. Eko irudiwe baada ya miezi mitatu hadi sita. Mishipa iliyonenepa hailegei kwa wiki.

Uzito upunguzwe sambamba. Asilimia 10 ya uzito ikiondoka, mikatiko hupungua kwa takribani robo. Kwa anayeziba akilala chali tu, mfuko ulioshonwa mgongoni mwa fulana na kutiwa mpira humzuia kugeuka, na haugharimu kitu.

Tiba zinazoharibu

Dawa za usingizi na pombe ya jioni hulegeza koo na kuchelewesha kule kushtuka kunakomwokoa mtu. Oksijeni peke yake, bila mashine, huinua tarakimu kidoleni, lakini inaweza kurefusha kimya, na kwa mwenye kabonidaiyoksaidi nyingi inaweza kumlaza usingizi asioamka kirahisi. Furosemidi, dawa ya kukojosha, hupunguza uvimbe wa miguu. Koo linabaki vilevile.

La kuogopwa zaidi ni sildenafili, dawa ya kutanua mishipa, inayotolewa mara tu neno "presha ya mapafu" linapoonekana kwenye ripoti. Dawa hiyo ina wagonjwa wake, ambao ateri zenyewe ndizo zinaumwa. Kwa aliyebanwa na upungufu wa oksijeni au mwenye mapafu yaliyoharibika na moshi, kuifungua mishipa yote kunapeleka damu kwenye vifuko visivyo na hewa, na oksijeni inashuka badala ya kupanda. Akiandikiwa, aulize kwanza kama mrija ulishaingizwa, na presha ya kabari ilikuwa ngapi.